Tom Kilburn, aliyezipa kurasa za kompyuta kufuli

MKAZI wa mtaa wa Pipeline, Nairobi, anayefungua picha na ujumbe kwa pamoja katika simu yake, ana deni kwa marehemu Tom Kilburn.

Mwingereza huyo alizaliwa Dewsbury mnamo Agosti 11, 1921, akasomea hisabati Cambridge. Mnamo Juni 21, 1948, mtambo aliounda pamoja na Freddie Williams jijini Manchester uliendesha programu iliyohifadhiwa katika kumbukumbu yake yenyewe, jambo lililokuwa la kwanza duniani.

Hata hivyo, kumbukumbu ya kasi ilikuwa ghali na finyu. Katika kompyuta ya Atlas, iliyozinduliwa Desemba 7, 1962, kundi lake liliigawa katika kurasa za maneno 512, zilizohamishwa kati yake na silinda ya sumaku yenye nafasi kubwa lakini ya mwendo wa pole.

Ukurasa ukiguswa ungali safarini, hesabu nzima ingeharibika. Ndiposa kila ukurasa ukawekewa alama ya kufuli, iliyoondolewa tu uhamisho ulipokamilika.

Kilburn alifariki Januari 17, 2001. Kompyuta za leo zingali zinazuia kurasa vivyo hivyo, data inaposafiri moja kwa moja hadi diskini.