Torres: Seremala fukara aliyelitengeneza gitaa la leo

YEYOTE aliyewahi kupakata gitaa kavu la nyuzi za nailoni ameshika, pengine bila kujua, umbo lililokamilishwa na seremala mmoja wa karne ya 19. Antonio de Torres Jurado alizaliwa Juni 13, 1817, katika kitongoji cha La Cañada karibu na mji wa Almería, kusini mwa Uhispania.

Babake alikuwa mtoza ushuru. Antonio alipotimu umri wa miaka 12 alipelekwa kujifunza useremala, lakini mwaka 1833 vita vya kuwania kiti cha ufalme vilizuka na vijana wakaanza kutwaliwa jeshini kwa nguvu. Walioandamwa ni makapera na wajane wasio na watoto. Ili kumwokoa, jamaa zake walimwoza haraka, mwaka 1835, msichana wa umri wa miaka 13. Ndoa hiyo haikumletea faraja. Walijaliwa mabinti watatu, wawili wakafa, na mwaka 1845 mkewe naye akafariki kwa kifua kikuu akiwa na umri wa miaka 23 tu. Wakati huo wote Torres alikuwa akiandamwa na wadeni.

Mjane huyo alihamia Sevilla, akafungua karakana. Huko alikutana na mpiga gitaa Julián Arcas, ambaye alimhimiza aachane na kazi nyingine na kushughulikia ala hiyo kwa dhati. Gitaa la siku hizo lilikuwa dogo, na sauti yake ilipotea katika ukumbi mkubwa. Torres alilipanua tumbo, akaupunguza unene wa ubao wa mbele na kuupa mbinuko mdogo, kisha akautegemeza kwa ndani kwa vijiti saba vilivyotandazwa mithili ya upepeo. Mpangilio huo wa vijiti hakuubuni yeye. Mafundi wa Cádiz na Sevilla walikuwa wameutumia tangu karne ya 18. Kilichokuwa chake ni kuupatanisha na sehemu nyingine zote. Mwaka 1858 alituzwa nishani ya shaba katika maonyesho ya Sevilla.

Torres alishikilia kwamba sauti hutoka katika ule ubao wa mbele, wala si katika mbavu na mgongo ambavyo matajiri walivilipia fedha nyingi ili vitengenezwe kwa mbao za kutoka Brazili. Maneno matupu hayangemshawishi mtu. Basi mwaka 1862 aliunda gitaa ambalo mbele yake ilikuwa ya mbao nzuri, lakini mgongo na mbavu zilikuwa za karatasi zilizorowekwa na kugandishwa. Waliolisikia walikiri kwamba liliimba. Gitaa hilo lipo hadi leo katika Jumba la Makumbusho ya Muziki mjini Barcelona, ingawa sasa haliwezi kupigwa.

Mwaka 1869 kijana aitwaye Francisco Tárrega alifika dukani kununua gitaa. Torres alimpa la bei nafuu. Alipomsikia akipiga, alilirejesha na kumletea jingine alilokuwa amejiundia mwenyewe mwaka 1864. Tárrega alikuja kuwa mwanamuziki mashuhuri, na gitaa hilo likawa mwandani wake kwa miaka mingi.

Cha kushangaza ni kwamba sifa hazikumtia Torres shibe. Muda mfupi baadaye alifunga karakana, akarejea Almería na mkewe wa pili, Josefa, wakafungua duka la vyombo vya udongo. Tangu mwaka 1875 alianza tena kuunda magitaa, kwanza kwa saa chache alizoiba kutoka dukani. Ni katika kipindi hiki ambapo ufukara wake unaonekana waziwazi ndani ya kazi zake. Magitaa mengi ni ya msaipresi, mti uliopatikana kwa urahisi. Migongo imeungwa vipande kwa vipande, na hata mbele, mahali ambapo desturi ni mbao mbili zilizolingana, baadhi zina vipande vitatu au zaidi. Mbao ambazo fundi wa leo angezitupa motoni Torres alizipima kwa vidole, akakwangua palipohitaji kukwanguliwa na kuacha palipostahili kuachwa, hata zikatoa sauti iliyowashinda waliokuwa na mbao ghali. Anayedai kwamba hawezi kuanza kazi kwa kukosa vifaa atapata taabu kujitetea mbele ya magitaa haya.

Josefa alifariki mwaka 1883. Torres, akiwa na mabinti wa kulisha, alizidisha kazi hadi takriban magitaa 12 kwa mwaka. Nambari alizoyapa magitaa ya kipindi hiki zilipita 150.

Uzeeni mikono yake ilitetemeka, na kasisi rafikiye, Juan Martínez Sirvent, alikuwa akimsaidia kugandisha sehemu ndogo ndogo. Kasisi huyo alisimulia miaka mingi baadaye kwamba, walipokuwa mezani, mzee aliulizwa siri ya kazi yake. Alieleza kuwa siri ilikuwa katika ncha za kidole gumba na cha shahada, vinavyomjulisha iwapo ubao umefikia unene unaofaa, na kwamba angekwenda nayo kaburini.

Torres aliaga dunia Novemba 19, 1892, akiwa na umri wa miaka 75. Kufikia wakati huo vipimo vyake vilikuwa tayari vikiigwa na mafundi wengine. Gitaa ambalo Andrés Segovia alikabidhiwa mwaka 1912 katika karakana ya Manuel Ramírez mjini Madrid lilifuata mfano wake.