Mali Bila Daftari

Muhula huu nimepewa kazi ya kutunza daftari la maktaba ya shule yetu. Mwanzoni niliiona kazi hii kuwa duni. Nimebadili fikira zangu baada ya kusoma maisha ya Bibi Rose Valland, nami napenda wenzangu mjue habari zake.

Bibi huyu alizaliwa Ufaransa mwaka 1898, binti wa mhunzi. Alijifunza sanaa kwa bidii, akaingia kazini katika nyumba ya makumbusho ya Jeu de Paume, mjini Paris. Kwa miaka mingi alifanya kazi hiyo bila mshahara.

Juni 1940 majeshi ya Ujerumani yaliuteka mji ule. Nyumba ile ikageuzwa ghala ya vitu walivyoporwa watu, hasa Wayahudi: picha, sanamu na vyombo vya thamani zaidi ya 20,000. Kutoka hapo vilipakiwa kupelekwa Ujerumani.

Bibi Rose aliachwa kazini, kwani alidhaniwa kuwa mtu mnyonge tu. Kumbe alikijua Kijerumani, akaficha. Kwa miaka minne alisikiliza, akaandika kwa siri kila kitu ni cha nani na kinapelekwa wapi. Kama angalikamatwa, angaliweza kuuawa.

Agosti 1944 alipeleka habari kwamba masanduku 148 ya picha yamepakiwa katika gari la moshi. Watu wa reli wakalichelewesha, hata askari wa Ufaransa wakalikamata. Afisa wao, Alexandre Rosenberg, alikuta humo picha za baba yake mwenyewe!

Vita vilipokwisha mwaka 1945, Bibi Rose alikwenda Ujerumani na orodha zake. Kwa juhudi yake na ya wenziwe, vitu kama 60,000 vilirudi Ufaransa. Alifariki mwaka 1980.

Mwaka 1954 mataifa yalipatana huko The Hague kulinda vitu vya namna hii wakati wa vita. Walakini vita vingali vikiviangamiza. Picha iliyochomwa hairudi. Bali iliyoibiwa yaweza kurudi, ikiwa yupo aliyeandika ni ya nani.

Wazee walisema kweli: mali bila daftari hupotea bila habari. Basi, ndugu zangu, mkija kuazima vitabu msinikasirikie nikiwauliza majina yenu na tarehe.