Florence Nightingale: Nesi aliyehesabu wafu wa hospitali yake mwenyewe

Ukitaja jina la Florence Nightingale, wengi hukumbuka picha moja tu: mwanamke mwenye taa, usiku wa manane, akipita katikati ya vitanda vya askari majeruhi. Picha ni ya kweli, taa alikuwa nayo. Lakini stori yenyewe ni nzito kuliko hiyo. Ni stori ya mtu aliyesifiwa na nchi nzima, kisha akakaa chini na makaratasi, akapiga hesabu, na kugundua kwamba hospitali iliyompa sifa ndiyo iliyokuwa ikiua.

Alizaliwa tarehe 12 Mei 1820 mjini Florence, Italia, ndipo jina likatoka. Dada yake alizaliwa Naples, naye akaitwa Parthenope, jina la kale la mji huo kwa Kigiriki. Wazazi walikuwa Waingereza mabwenyenye waliokuwa kwenye matembezi marefu Ulaya. Kwao walikuwa na majumba mawili mashambani, moja Derbyshire na jingine Hampshire. Babake aliwafundisha mabinti wake nyumbani: Kigiriki, Kilatini, historia, falsafa. Florence yeye alinaswa na hisabati.

Mwaka wa 1837, akiwa na miaka 16, aliamini kwamba Mungu amemwita amtumikie. Kazi yenyewe ilichukua miaka kujulikana. Alipofunguka kwa wazazi katikati ya miaka ya 1840 kwamba anataka kwenda kujifunza uuguzi katika hospitali ya Salisbury, nyumba iliwaka moto. Usiwalaumu haraka. Enzi hizo nesi wa hospitali alionekana mlevi asiye na adabu, mtu aliyekosa kazi nyingine. Binti wa tajiri alitarajiwa kuolewa, kupokea wageni na kupiga piano.

Mchumba naye hakukosa. Richard Monckton Milnes, mshairi na mbunge, alimngoja kwa miaka. Florence alimpenda, lakini mwaka wa 1849 akamkataa. Aliona ndoa hiyo ingemfungia sebuleni maisha yake yote.

Mwaka wa 1851 hatimaye alikwenda Kaiserswerth, Ujerumani, akajifunza kazi kwa miezi mitatu hivi. Miaka miwili baadaye akawa msimamizi wa hospitali ndogo ya wanawake jijini London. Hakulipwa, ila babake alimtengea pauni 500 kwa mwaka. Tusidanganyane, chapaa za mzee zilisaidia.

Kisha vita vya Crimea vikaja. Uingereza na Ufaransa zilikuwa upande wa Uturuki dhidi ya Urusi, na gazeti la The Times likaanza kuanika jinsi askari Waingereza walivyokuwa wakioza hospitalini bila huduma. Waziri Sidney Herbert, rafiki wa Florence, akamwomba aende. Novemba 1854 alifika Scutari, ng'ambo ya pili ya maji kutoka Istanbul, akiwa na wanawake 38.

Hospitali yenyewe ilikuwa kambi ya jeshi la Uturuki iliyogeuzwa. Wagonjwa walilazwa kwenye korido, chawa na panya wakitamba. Madaktari wa jeshi hawakutaka kuwaona wanawake hao. Florence akaanzisha jiko la chakula cha wagonjwa na mahali pa kufulia, akanunua mashuka, mashati na sabuni kwa pesa zilizochangwa na raia. Magazeti yalimtukuza.

Lakini watu waliendelea kufa. Majira hayo ya baridi zaidi ya askari 4,000 walifia Scutari, wengi si kwa risasi bali kwa kipindupindu, kuhara damu na homa ya matumbo. Februari 1855, kati ya kila wagonjwa 100, wapatao 42 walikufa. Machi ikafika tume ya usafi kutoka London. Iligundua kwamba jengo lilikaa juu ya mifereji ya majitaka iliyoziba, na katika njia ya maji ya kunywa mlikuwa na mzoga wa farasi. Wakazibua mifereji, wakatoa uchafu, wakafungua njia za hewa. Kufikia Juni, vifo vilikuwa vimeshuka hadi wawili hivi kwa kila 100.

Mwaka wa 1856 Florence alirudi nyumbani kimyakimya, akitumia jina la uongo ili kukwepa mapokezi. Hadi hapo aliamini askari wake waliuawa na njaa, baridi na kufikishwa hospitalini wakiwa wamechelewa. Ndipo akakaa na William Farr, bingwa wa takwimu wa serikali, wakapekua rekodi. Hesabu zilikataa maelezo hayo. Scutari, pale alipochapa kazi usiku na mchana, palikuwa na vifo vibaya kuliko hospitali nyingine za vita hivyo. Uchafu wa jengo ulikuwa umewamaliza watu huku yeye akiwapa supu.

Hapa ndipo ningetegemea mtu maarufu kunyamaza. Nani angemuuliza? Yeye alifanya kinyume. Alisukuma tume ya serikali ichunguze afya ya jeshi, akaandika ripoti ndefu, na kwa kuwa alijua wakubwa hawasomi majedwali, akachora duara lililokatwa kama vipande vya chapati, kila mwezi na kipande chake. Rangi moja ni vifo vya magonjwa yanayozuilika, nyingine majeraha, nyingine sababu zingine. Sina digrii ya takwimu, chuo chenyewe niliachia njiani, lakini mchoro ule unaelewa ukiutazama mara moja. Mwaka wa 1858 akawa mwanamke wa kwanza kukubaliwa katika chama cha wanatakwimu cha Uingereza.

Mwishoni mwa 1859 akatoa kitabu chake, Notes on Nursing. Hoja yake ni kwamba mwili hujiponya. Kazi ya nesi ni kumwekea mgonjwa mazingira ya kupona: hewa safi, mwanga, maji, usafi, chakula, utulivu. Aliwakemea wanaonong'ona mlangoni mwa mgonjwa. Aliwakemea pia wageni wanaomwambia mgonjwa atapona tu, bila kujua lolote kuhusu hali yake. Akasisitiza kuchunguza: amekula kiasi gani, amelala saa ngapi. Na kama nesi hayupo, nani atafanya alichokuwa akifanya?

Cha kushangaza, wakati huo aliamini ugonjwa unatokana na hewa chafu, na alichelewa kukubali habari za vijidudu. Sababu aliikosea, tiba akaipata, kwa kuwa alifuata hesabu.

Mwaka wa 1860 shule yake ya manesi ilifunguliwa katika hospitali ya St Thomas', London, kwa pesa alizochangiwa wakati wa vita. Karne moja baadaye, Marekani, wasomi waliipa kazi hiyo mfumo. Ida Jean Orlando aliandika mwaka wa 1961 kwamba nesi asikisie, amuulize mgonjwa anahitaji nini. Mwaka wa 1967 Helen Yura na Mary Walsh wakapanga hatua nne, ambazo baadaye zikawa tano: kukusanya taarifa, kutambua tatizo, kupanga, kutekeleza, kisha kutathmini kama imesaidia. Mwanafunzi yeyote wa uuguzi hapa Kenya anakesha na hatua hizo. Ile ya mwisho ndiyo Florence alijifunza Scutari kwa uchungu.

Hakuwa malaika. Mary Seacole, mzaliwa wa Jamaica, alikataliwa London alipoomba kwenda kuuguza, akajilipia nauli na kuhudumia askari karibu na uwanja wa vita. Florence hakumsema vizuri katika barua zake.

Homa aliyoipata Crimea ilimlaza kitandani kwa miaka mingi. Kazi nyingi alizifanya akiwa amelala, kwa kalamu na barua. Alifariki tarehe 13 Agosti 1910, akiwa na miaka 90. Familia ilikataa azikwe Westminster Abbey. Kaburi lake liko kijijini Hampshire, na jiwe limeandikwa herufi mbili tu za jina lake. Siku yake ya kuzaliwa, 12 Mei, ndiyo Siku ya Wauguzi Duniani.

Ukienda kumwona mgonjwa wodini, utamkuta nesi akiandika: joto, presha, saa ya dawa. Usimwone anakawia. Mpe nafasi amalize.