Kampuni ya Wangari Iliyokufa

Wanafunzi wa chama cha mazingira katika shule ninayofundisha hapa Kikoneni walinijia majuzi wakitaka tukivunje chama chao. Walikuwa wameanzisha kitalu cha miche ya mivinje, mikorosho na miarobaini kwa nia ya kuwauzia wenyeji. Watu wengi waliisifu kazi yao, wachache mno wakanunua, na kiangazi kilipowadia miche iliyosalia ikakauka. Sikuwakemea wala sikuwabembeleza. Niliwasimulia maisha ya marehemu Profesa Wangari Maathai, hususan sehemu ambayo sisi walimu huipita haraka darasani.

Sote twamjua Wangari wa Tuzo ya Amani ya Nobel ya mwaka 2004, mwanamke wa kwanza wa Afrika kuipata. Twamjua aliyepinga ujenzi wa jumba la ghorofa 60 katika Bustani ya Uhuru mwaka 1989, na aliyepigwa hadi akajeruhiwa mwaka 1999 akiutetea msitu wa Karura. Wangari mfanyabiashara aliyeshindwa, twamjua wachache.

Alizaliwa tarehe 1 Aprili 1940 katika kijiji cha Ihithe, Nyeri. Mwaka 1960 alikwenda Marekani kusoma, akapata shahada ya kwanza huko Kansas mwaka 1964 na ya uzamili Pittsburgh mwaka 1966. Mwaka 1971 alihitimu shahada ya uzamifu jijini Nairobi, akawa mwanamke wa kwanza wa Afrika Mashariki na ya Kati kufikia daraja hiyo.

Mwaka 1974 mumewe aligombea ubunge wa Lang'ata, akawaahidi wapiga kura ajira, naye akashinda. Wanasiasa wengi huzisahau ahadi za namna hiyo mara kura zihesabiwapo. Wangari hakuweza kuzisahau. Alianzisha kampuni iliyoitwa Envirocare, ambayo ingewaajiri watu maskini kupanda miti na kutunza bustani katika makazi ya wenye uwezo. Kitalu chake kilikuwa Karura. Waama, fikra hiyo ilikuwa njema: maskini angepata riziki, mji ungepata miti. Lakini wateja walioipenda huduma hawakuwa tayari kulipa kabla ya kazi, nao vibarua hawakuweza kufanya kazi leo wakalipwa baadaye, kwani njaa haina subira. Mtaji haukuwepo. Kampuni ikafa.

Mwaka 1976 Wangari alihudhuria mkutano wa Umoja wa Mataifa kuhusu makazi mjini Vancouver, akarejea na ari mpya. Aliipeleka fikra yake katika Baraza la Kitaifa la Wanawake, na tarehe 5 Juni 1977 miti saba ikapandwa Kamukunji, Nairobi. Mingi ya miti hiyo nayo ilikauka. Hata hivyo, safari hii alikuwa amewapata watu waliouhitaji mti wenyewe. Wanawake wa mashambani walikosa kuni, malisho na maji safi. Walifunzwa kuotesha mbegu karibu na nyumba zao, hata katika makopo makuukuu na vyungu vilivyovunjika. Walilipwa ujira mdogo, kiasi cha senti 4 za Marekani, kwa kila mche uliopandwa ukashika. Mche uliokufa haukuwa na malipo. Kufikia mwaka wa tuzo ile, Vuguvugu la Ukanda wa Kijani lilikuwa limepanda zaidi ya miti milioni 30.

Hapo mwanafunzi mmoja alinitatiza. Alitaka kujua fedha za kuwalipa akina mama zilitoka wapi. Sikuwa na budi kukiri kwamba nyingi zilitoka kwa wafadhili, wakiwemo Umoja wa Mataifa na marafiki wa misitu kutoka Norway. Basi hilo halikuwa biashara, akasema, na sisi hatuna mfadhili. Alisema kweli, nami nisingependa kumficha.

Nilimjibu kwa mfano wa jirani zetu wa Gazi na Makongeni, katika pwani hii hii ya kusini. Tangu mwaka 2013, kupitia mradi wa Mikoko Pamoja, wenyeji wa huko wamekuwa wakiitunza mikoko na kuuza nje haki ya hewa ukaa inayohifadhiwa na miti hiyo. Mapato yamesaidia maji na shule za vijiji vyao. Mnunuzi hanunui ahadi. Hununua mti uliosimama na ukapimwa. Kanuni ni ile ile ya Wangari, ila mlipaji ni mteja.

Kwa maoni yangu, hapa ndipo biashara nyingi za kuhifadhi mazingira zinapojikwaa, ndogo kwa kubwa. Twahesabu miche iliyopandwa siku ya sherehe, mgeni wa heshima akiwa na koleo mkononi, wala hatuhesabu iliyo hai baada ya kiangazi. Twauza kile tunachopenda kuotesha badala ya kile jirani anachohitaji. Halafu tukishindwa twawalaumu wananchi kwamba hawapendi miti.

Wangari alifariki tarehe 25 Septemba 2011. Jeneza lake halikuwa la mbao. Lilitengenezwa kwa mianzi, mafunjo na magugu maji. Aliishi alivyofundisha hadi mwisho. Lakini somo nililowapa wanafunzi wangu si la ushujaa huo. Ni la mwanamke msomi aliyeiona kampuni yake ikifa, akatafuta sababu, akabadili utaratibu bila kuiacha kazi.

Chama hakikuvunjwa. Kabla ya kutia mbegu nyingine kiribani, wanafunzi wanapita nyumba kwa nyumba wakiuliza ni mti gani unaohitajika. Mnunuzi atalipa nusu ya bei achukuapo mche, na nusu ya pili kiangazi kikipita, iwapo mche u hai. Huenda wakapata hasara tena. Mwalimu mwenzangu, wakija kwako wanafunzi wako na kitalu kilichokauka, usiwape pole tu. Waulize waliahidi nini, kwa nani, na ni nani aliyekubali kulipa.