Adolf Stolz na Mimea ya Kyimbila

Wasomaji wetu wa Rungwe waijua Kyimbila, iliyo jirani na mji wa Tukuyu. Lakini ni wachache wajuao kwamba jina hilo husomwa na wataalamu wa mimea katika nchi nyingi. Aliyelieneza ni Adolf Stolz, Mjerumani aliyezaliwa mwaka 1871, mmisionari wa Kanisa la Moraviani, lililoanza kazi Rungwe mwaka 1891.

Katika miaka iliyotangulia Vita Kuu ya 1914, Bwana Stolz alikusanya mimea ya milima ile hata hesabu yake ikapita 2,000. Kazi hiyo yataka uvumilivu. Mmea hukatwa pamoja na maua yake, hubanwa kati ya karatasi, na karatasi hizo hubadilishwa mpaka ukauke. Ukipuuzwa katika nchi ya mvua nyingi kama Tukuyu, huota ukungu na kuharibika. Kisha hupewa nambari, na mahali ulipopatikana huandikwa.

Mimea hiyo ilipelekwa Berlin, na nakala zake zikagawanywa kwingineko. Mwaka 1915 mtaalamu Rudolf Schlechter alitoa maandishi juu ya maua ya okidi aliyoyakusanya Stolz, akaliita kundi moja Stolzia kwa heshima yake: ni mimea midogo itambaayo juu ya miti ya misitu yenye unyevu. Stolz alifariki mwaka 1917.

Mwezi Machi 1943 mabomu yaliliteketeza jumba la mimea mikavu la Berlin, na sehemu kubwa ya hazina ile ikawa majivu. Hata hivyo kazi ya Stolz haikupotea yote, maana nakala zilizokuwa kwingine zilisalimika, na wataalamu wazitumia mpaka leo kuhakikisha majina ya mimea.

Mmea mkavu waweza kuwa na nakala. Mmea hai ukitoweka, hauna nakala. Katika nyanda za juu za kusini, viazi vya okidi vimechimbwa kwa wingi na kuuzwa hata Zambia, vipikwe chakula kiitwacho chikanda. Ni kweli kwamba Kitulo ilifanywa hifadhi ya taifa mwaka 2005, lakini walinzi peke yao hawatoshi. Hatumlaumu maskini atafutaye riziki. Twasema tu kwamba kiazi king'olewapo, mmea wenyewe hufa. Basi yatupasa sisi wazazi kuwafundisha watoto wetu kuijua mimea ya kwao na kuitunza, kwani wazee wa Rungwe waliijua kabla Stolz hajafika.