Betty Greene, rubani wa kwanza wa MAF

Wasomaji wetu wa Bunia, wa Nyankunde na wa pande zote ambako barabara inaisha mbele ya safari kuisha wanaujua mlio wa ndege ndogo ya MAF. Watoto wanakimbilia kiwanja, mbuzi wanafukuzwa, mgonjwa analetwa kwa tipoi. Wanaijua pia mizani. Kila abiria anapimwa pamoja na mzigo wake, mchungaji sawa na mwanafunzi, na gunia la maharagwe likizidi linabaki chini. Tena kuna siku ambapo watu wameshaimba na kuagana, kisha rubani anaangalia mawingu na kusema kwamba leo haruki. Wengi wetu tumenung'unika siku hizo, na wengine tumesema kwamba rubani huyo hana imani.

Mtu wa kwanza kurusha ndege kwa ajili ya MAF alikuwa mwanamke, Betty Greene. Ukali huo wa kazi aliupata vitani, mahali ambapo wenzake walikuwa wakifa bila adui yeyote kuwapiga risasi.

Alizaliwa tarehe 24 mwezi wa sita 1920 katika mji wa Seattle, Marekani, pamoja na pacha wake wa kiume. Nyumba yao ilikuwa ya Wakristo. Akiwa mtoto alipenda habari za Charles Lindbergh, yule aliyevuka bahari ya Atlantiki peke yake mwaka 1927, na alipofika miaka 16 alianza masomo ya kurusha ndege. Baadaye alijaribu kusomea uuguzi, akaona si kazi yake, akaacha. Mama mmoja mzee wa kanisa ndiye aliyemshauri aunganishe vitu viwili alivyovipenda, ndege na Injili. Wakati ule hakuna aliyejua kazi ya namna hiyo ingefanyika wapi, wala kwa feza za nani.

Halafu vita ikaja. Marekani ilipoingia katika Vita Kuu ya Pili ya Dunia ilihitaji marubani kwa maelfu, na iliwafundisha kwa haraka sana. Vijana wa miaka 19 au 20, ambao mwaka mmoja mbele walikuwa wakifunga ng'ombe au kuuza dukani, walikabidhiwa ndege nzito za kutupa mabomu zenye injini mbili au nne. Wengi walikufa wakiwa bado nyumbani. Waligonga milima usiku, waligongana angani wakijifunza kuruka kwa mpangilio, injini zilizimika wakati wa kuondoka, au ndege mpya ilianguka njiani ikitolewa kiwandani kupelekwa kambini. Ndani ya mipaka ya Marekani peke yake kulitokea ajali zaidi ya 50,000 za ndege za jeshi katika miaka ya vita hiyo, na karibu watu 15,000 walikufa. Familia nyingi zilipata barua ya msiba kutoka Texas au Florida, wakati walikuwa wakiomba usiku na mchana kwa ajili ya hatari za Ulaya na Pasifiki.

Kwa sababu wanaume walihitajika mbele, jeshi lilikubali wanawake wafanye kazi za nyuma: kupeleka ndege kutoka viwandani, kuzijaribu baada ya matengenezo, kuvuta shabaha za wapiga mizinga. Kundi lao liliitwa WASP. Wanawake 25,000 waliomba kuingia, na 1,074 walimaliza mafunzo. Betty alikuwa mmoja wao. Alifundishwa Sweetwater, Texas, mwaka 1943, kisha akatumwa Camp Davis katika jimbo la North Carolina.

Camp Davis ilikuwa kambi ya kufundisha wapiga mizinga ya kutungulia ndege. Ndege za kambini hapo, hasa zile za mabomu zilizoitwa A-24, zilikuwa zimechoka. Nyingi zilikuwa zimerudishwa kutoka vita ya Pasifiki. Vipuri vizuri vilipelekwa mbele kwenye mapigano, na kambi ikabaki na mabaki. Katika daftari la ndege rubani angeweza kusoma orodha ndefu ya makosa yaliyoandikwa na marubani wengine bila kurekebishwa, kisha akaambiwa aruke. Wanawake walivuta kitambaa kirefu nyuma ya ndege, na vijana chini wakakipiga kwa risasi za kweli. Usiku waliruka ili wapiga mizinga wajifunze kufuata ndege gizani.

Tarehe 23 mwezi wa nane 1943 mmoja wao, Mabel Rawlinson, alikuwa akijifunza kuruka usiku katika A-24 pamoja na mkufunzi wake. Injini ilianza kusumbua, wakarudi kutua, ndege ikaanguka karibu na uwanja na kukatika vipande. Mkufunzi alirushwa nje akapona. Mabel alikuwa mbele, chini ya kifuniko ambacho komeo lake lilikuwa bovu, halifunguki kutoka ndani. Ubovu huo ulijulikana. Moto ukamkuta humo. Mwezi mmoja baadaye, tarehe 23 mwezi wa tisa, Betty Taylor Wood alikufa kambini hapohapo katika ndege ya aina ileile.

Betty Greene alifika Camp Davis mwaka uleule. Alipangiwa kazi za kurukia wapiga mizinga, na kila rubani aliyelala katika kambi ile alijua kisa cha komeo. Jambo hilo tusilipite haraka. Mabel hakukosa ujuzi, na sisi hatuna haki ya kusema kwamba alikosa maombi. Mtu fulani aliona kosa, mtu fulani aliliandika, na hakuna aliyetengeneza.

Tena kulikuwa na dharau. Serikali iliwahesabu wanawake hawa kuwa wafanyakazi raia, si askari. Walipokufa, jeshi halikugharamia maziko wala halikuruhusu bendera juu ya sanduku. Mara nyingine wenzao walichanga feza kambini ili mwili urudishwe kwa wazazi. Jumla yao walikufa 38: 11 katika mafunzo na 27 kazini. Na bado walipopewa ndege zilizoogopwa na wanaume walizirusha. Mwaka 1944 ndege mpya ya mabomu, B-29, ilikuwa na sifa mbaya ya kushika moto katika injini, na marubani waliiogopa. Kanali Paul Tibbets alifundisha wanawake wawili kuirusha kwa siku chache tu, akawazungusha kambini. Baada ya hapo ilikuwa vigumu kwa mwanaume kusema anaogopa.

Kutoka Camp Davis Betty alipelekwa Wright Field, Ohio, ambako alisaidia kujaribu vifaa vya kuruka juu sana, mahali ambapo mtu hawezi kuishi bila hewa ya oksijeni na nguo za kuzuia baridi kali. Hapo kazi ilikuwa kutafuta kosa mbele kosa halijaua.

Katikati ya hayo hakuacha wazo la yule mama mzee. Aliandika makala katika gazeti la wanafunzi Wakristo kuhusu ndege na misheni. Rubani wa jeshi la maji, Jim Truxton, aliisoma akamwandikia. Yeye na marubani wenzake walikuwa na mawazo yaleyale. Kundi la WASP lilivunjwa tarehe 20 mwezi wa kumi na mbili 1944, na wanawake walirudi nyumbani kwa nauli yao wenyewe. Wanaume walikuwa bado jeshini. Kwa hiyo mwaka 1945 ni Betty aliyefungua ofisi huko Los Angeles, na chama kilichokuja kuitwa MAF kikaanza na mwanamke mmoja kwenye meza.

Tarehe 23 mwezi wa pili 1946 alirusha ndege ya kwanza ya chama hicho, Waco ya zamani, akiwapeleka wamisionari wawili wanawake Mexico. Baadaye mwaka huo, rubani mpya aliyekuja kupokea kazi alikuwa akitua, Betty akiwa naye, na ndege ikagonga kibanda kando ya kiwanja. Hakuna aliyeumia, lakini ndege pekee ya chama iliharibika vibaya. Kijana fundi aliyeitwa kuitengeneza alikuwa Nate Saint, ambaye makanisa mengi yanamkumbuka kwa kuuawa Ecuador mwaka 1956.

Ajali za mwanzo hazikuisha huko. Mwaka 1948 tawi la Uingereza lilituma ndege ndogo kuchunguza mahitaji ya misheni katika sehemu hizi zetu za Afrika ya kati, Kongo ikiwemo. Jack Hemmings na Stuart King, wote wawili wametoka jeshi la anga, walianguka nayo katika milima ya Burundi. Walitoka wazima.

Betty aliendelea. Peru, mwaka 1946, alivuka milima ya Andes akiwa rubani. Alitumika Nigeria, kisha Sudan, kisha tangu 1960 New Guinea ya Waholanzi. Hakuolewa, hapa kwetu wazee wangemwita Mademoiselle, kama walivyowaita wauguzi na walimu wa misheni. Kule New Guinea kulikuwa na sheria kwamba kiwanja kipya hakitumiwi mpaka rubani akikague kwa miguu yake. Kwa ndege safari ingekuwa ya dakika chache. Betty alitembea siku kadhaa msituni, akipanda na kushuka milima na kuvuka mito kwenye madaraja ya kamba za miti, ili akanyage udongo wa kiwanja kimoja na kuona kama ni mgumu ya kutosha. Alikuwa na miaka 40 hivi.

Alirudi Marekani mwaka 1962, akaendelea kuisaidia MAF kwa kusafiri na kutafuta marubani wengine. Alifariki tarehe 10 mwezi wa nne 1997, mwenye miaka 76.

Mwaka 1977 serikali ya Marekani ilikubali kwamba wanawake wa WASP walikuwa askari wa vita ile kama wengine. Medali ya dhahabu ya bunge ilitolewa mwezi wa tatu 2010. Wachache waliobaki hai walikuja kuipokea, wazee sana, wengine wakisukumwa kwenye viti vya magurudumu. Betty alikuwa amekufa miaka 13 mbele, na Mabel Rawlinson miaka 66.