Theodor Bilharz: Mgunduzi wa mnyoo wa kichocho, maradhi yanayoweza kufika hadi mapafuni

Kisiwani Pemba neno kichocho halihitaji mkalimani. Vijito na madimbwi ya maji matamu yanayozunguka mabonde ya mpunga ndiyo makazi ya konokono wanaoeneza maradhi hayo, na mtoto anayekojoa damu hutambulika mara moja. Lisilofahamika na wengi ni kwamba kichocho kinaweza pia kuharibu mapafu na moyo.

Aliyemgundua mnyoo wa maradhi hayo ni daktari Theodor Bilharz, aliyezaliwa Machi 23, 1825 katika mji wa Sigmaringen, Ujerumani. Alihitimu udaktari mwaka 1849, na mwaka uliofuata alifuatana na mwalimu wake, Wilhelm Griesinger, kwenda Misri.

Mwaka 1851, alipokuwa akichunguza maiti katika hospitali ya Kasr el-Aini mjini Cairo, aliwaona minyoo wembamba ndani ya mshipa mkubwa upelekao damu kwenye ini. Alibaini kuwa dume humbeba jike katika mfereji wa mwili wake. Baadaye aliwahusisha minyoo hao na maradhi ya kukojoa damu yaliyowasumbua Wamisri tangu kale.

Bilharz hakuishi kuijua safari nzima ya mnyoo huyo. Mwaka 1862 alisafiri na msafara wa mtawala wa Kijerumani, Ernst II, hadi Massawa katika Bahari ya Shamu. Aliporejea Cairo aliugua homa kali, akafariki dunia Mei 9, akiwa na umri wa miaka 37.

Wengine waliikamilisha kazi yake. Mwaka 1915 Mwingereza Robert Leiper alithibitisha huko Misri kuwa viini vya mnyoo huyo hukua ndani ya konokono, kisha humwingia binadamu kwa kupenya ngozi akiwa majini. Mwaka 1938 Shaw na Ghareeb walieleza jinsi mayai yake yanavyoharibu mishipa ya mapafu.

Mayai ya mnyoo yanapochukuliwa na damu hadi mapafuni hunasa katika mishipa midogo. Mwili hupambana nayo, kuta za mishipa huvimba na kukakamaa, na njia ya damu huwa nyembamba. Upande wa kulia wa moyo, ambao kazi yake ni kusukuma damu kwenda mapafuni, hulazimika kutumia nguvu kubwa zaidi, hutanuka, na hatimaye hushindwa.

Hilo ndilo shinikizo la juu la damu katika mapafu. Ni tofauti na presha inayopimwa mkononi, kwa hiyo mtu anaweza kuambiwa presha yake ni nzuri ilhali moyo wake umeelemewa. Dalili zake ni kuishiwa pumzi kwa kazi ndogo, uchovu, kuvimba miguu na kuzirai. Dalili ambazo ni rahisi kudhaniwa kuwa pumu au uzee. Madaktari hutazama moyo kwa kipimo cha mawimbi ya sauti, kisha huthibitisha kwa kupitisha mrija mwembamba ndani ya mshipa hadi kwenye moyo.

Athari hii huletwa zaidi na kichocho cha tumbo kilichodhuru ini, aina iliyoenea kandokando ya Ziwa Victoria. Kichocho cha mkojo, ambacho ndicho cha Pemba, nacho kinaweza kupeleka mayai mapafuni, ingawa madhara makubwa huko ni nadra zaidi.

Tangu mwaka 2000, Maabara ya Afya ya Jamii ya Ivo de Carneri, iliyopo Chake Chake, imekuwa kitovu cha utafiti wa kichocho kisiwani humo. Ugawaji wa dawa ya prazikwanteli shuleni na vijijini umepunguza sana maambukizi.

Dawa hiyo huua minyoo, lakini si rahisi kuirejesha katika hali yake mishipa iliyokwisha kukakamaa. Ndiyo maana mtoto anayetibiwa mapema, na kuepushwa na maji yenye konokono, huokolewa na mengi kuliko kukojoa damu.